Neno "Case": Lilikotoka, Maana Zake, na Kwa Nini Linatuhusu Sisi



Leo tunaandika kuhusu neno moja tu la Kiingereza, lenye herufi nne: "case". Hakuna mtu anayeishi kambini au kwenye makazi ya wakimbizi ambaye hajalisikia. Ukienda kwenye usajili unaulizwa namba ya case. Ukifuatilia safari ya nchi ya tatu unaambiwa case yako bado iko kwenye process. Mama akipigwa nyumbani anaelekezwa kwa case worker. Kipindupindu kikiingia, wagonjwa wanahesabiwa kama cases. Hata simu yako imevaa case, ingawa wengi wetu tunaita kava.

Tumeamua kulifuatilia hadi kwenye mizizi yake kwa sababu mbili. Kwanza, neno linaloshika maisha ya watu wengi namna hii inafaa tulijue vizuri. Pili, likitafsiriwa kwa Kiswahili kuwa "kesi" linaleta mkanganyiko ambao umewasumbua wazee wetu wengi. Tutafika huko, twendeni polepole.

Maneno mawili, sura moja

Jambo la kwanza ambalo wengi hatukulijua: "case" si neno moja. Ni maneno mawili yaliyoishia kuwa na sura moja, kama watu wawili wasio na undugu lakini mtaani wanaitwa mapacha.

Yote mawili yalianza kwenye Kilatini, lugha ya Waroma wa kale, na yote yaliingia Uingereza kupitia Kifaransa. Mwaka 1066 Wanormani kutoka upande wa Ufaransa, wakiongozwa na William, waliiteka Uingereza. Baada ya hapo, kwa muda mrefu wakubwa wa serikali na mahakama walikuwa watu wa Kifaransa, huku mwananchi wa kawaida akiendelea na Kiingereza chake. Ndiyo maana maneno mengi ya Kiingereza ya mahakamani, kama "judge", "justice" na "prison", ni ya Kifaransa kwa asili. Wenzetu tuliosoma Kifaransa Kongo na Burundi tunayatambua haraka.

Neno la kwanza linatoka kwenye Kilatini "casus", maana yake anguko. Kitenzi chake ni "cadere", kuanguka. Casus ni jambo lililokuangukia, yaani kilichotokea bila wewe kupanga. Na sisi je, hatusemi hivyo hivyo? Tunasema msiba umemwangukia, balaa limemshukia. Waroma waliwaza kama bibi zetu. Casus ikawa "cas" kwa Kifaransa, na "cas" ikawa "case" kwa Kiingereza.

Neno la pili linatoka kwenye "capsa", yaani sanduku. Capsa ya Waroma ilikuwa chombo cha mviringo cha kuwekea vitabu, maana wakati ule vitabu vilikuwa karatasi ndefu zilizoviringishwa. Asili yake ni "capere", kushika au kuchukua. Wafaransa wa kaskazini wakasema "casse", Waingereza nao wakalifanya "case".

Kwa hiyo case ya mahakamani, ya hospitali na ya ofisi ya ulinzi ni anguko. Case ya simu, ya miwani na ya mto wa kulalia ni sanduku. Moja linaangusha, lingine linashika.

Watoto wa anguko

Neno casus lina watoto wengi, na wengi wao tunaishi nao kila siku. "Accident" ni mtoto wake. "Incident" vilevile, lile neno la kwenye ripoti za usalama likitokea jambo usiku. "Chance", yaani bahati, limetoka huko huko, kwa sababu dete likirushwa huanguka linavyotaka. "Decay", kuoza, ni kitu kinachoanguka taratibu.

"Casualty" pia ni wa ukoo huu. Katika hospitali nyingi za Kenya, mgonjwa wa dharura hupelekwa "casualty", chumba cha waliopatwa na ajali. Halafu kuna "casual". Vijana wenzetu wanaobeba matofali, wanaopakua malori, wanaolima shamba la mwenyeji kwa siku moja moja, wanaitwa casual workers. Kiswahili kinasema vibarua. Kazi ya casual maana yake ni kazi inayoanguka tu: leo ipo, kesho haipo, na hakuna anayekuahidi kitu.

Hata "cheat", kudanganya, ni mjukuu wa ukoo huu, na historia yake inachekesha kidogo. Zamani Uingereza, mtu akifa bila mrithi, ardhi yake "ilimwangukia" bwana mkubwa au mfalme. Sheria hiyo iliitwa "escheat". Maofisa waliokusanya mali hizo walikuwa na tamaa kiasi kwamba watu walichukua jina la kazi yao, wakalikata mbele, wakalifanya liwe neno la udanganyifu. Ofisi inaweza kuharibu jina lake yenyewe.

Casus iliingia hata kwenye sarufi. Wagiriki walikuwa na neno "ptosis", kuanguka, kwa namna jina linavyobadilika mwisho wake kulingana na kazi yake katika sentensi. Waroma wakalitafsiri kwa casus, na Waingereza hadi leo wanasema "grammatical case". Kiswahili hakina mambo hayo kwa majina, sisi tuna ngeli zetu. Lakini kuna kisa kimoja hapo ambacho kila mkalimani angefaa kukijua. Wagiriki walikuwa na case ya jina linalopokea kitendo, mfano "ngoma" katika "Juma amepiga ngoma". Waliipa jina linalotokana na neno "aitia". Kwa Kigiriki aitia ina maana mbili: sababu, na pia shtaka. Wasomi wa Roma walipotafsiri wakachukua ile maana ya shtaka, wakaiita "accusativus", ya kushtaki. Kuanzia hapo wanafunzi duniani kote wanajifunza "accusative", na wakati huo ngoma ya Juma haijamshtaki mtu yeyote.

Tafsiri moja iliyokosewa imekaa miaka elfu mbili bila kusahihishwa. Sisi tunaohojiwa kupitia wakalimani tunaelewa uzito wa jambo hilo.

Kutoka mahakamani hadi nyumbani kwa maskini

Kwenye sheria za Kiingereza, case si ya mtu mmoja tu. Hakimu wa mahakama ya juu akiamua jambo leo, uamuzi wake unakuwa njia ambayo mahakama za chini zitaifuata kesho. Kenya, Uganda na Tanzania zilirithi mfumo huo kutoka kwa Waingereza. Kongo na Burundi zilirithi kutoka kwa Wabelgiji mfumo mwingine, ambao unaanzia zaidi kwenye kitabu cha sheria kuliko kwenye maamuzi ya zamani. Ndiyo maana mzee aliyetoka Uvira au Bujumbura anaweza kushangaa akisikia wakili wa Nairobi anataja majina ya watu walioshinda zamani, kana kwamba ni ndugu zake.

Kabla Kiswahili hakijachukua "kesi" kutoka kwa Mwingereza, watu walikuwa na neno "shauri". Wajerumani walipotawala Tanganyika walilisikia sana hadi wakaliingiza kwenye Kijerumani chao, "Schauri", kwa maana ya kikao cha kusikiliza malalamiko ya wananchi. Mahakama za Tanzania bado zinasema shauri namba fulani. Tuangalie tofauti: shauri ni ndugu wa ushauri na mashauriano. Ndani yake kuna watu wameketi, wanaulizana, wanatafuta njia. Kesi ina mtu mmoja aliyesimama mbele ya wengine.

Kutoka kwa mawakili na madaktari neno likahamia kwa watu wa misaada. Mwaka 1869, London, kilianzishwa chama cha kupanga misaada kwa maskini, Charity Organisation Society. Watu wake walitembelea familia nyumba kwa nyumba, wakauliza maswali, wakaandika habari za kila familia, kisha ikaamuliwa nani asaidiwe na kwa namna gani. Maswali tunayoulizwa leo, una watoto wangapi, unapika kwa nini, nani anafanya kazi, yana babu zake huko.

Kazi hiyo ilipata kitabu chake mwaka 1917, pale Mmarekani Mary Richmond alipotoa *Social Diagnosis*. Mwaka 1922 akatoa kingine kuhusu maana ya "social case work". Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba huwezi kumsaidia mtu bila kumwelewa pamoja na mazingira yake: familia, majirani, kazi, mji. Kwa hiyo mwanzoni case worker alitakiwa kuwa mtu anayekujua wewe kama wewe, si kama rundo la maskini. Tunaliandika hili ili tuwatendee haki wafanyakazi wa mashirika. Wazo lilikuwa zuri. Shida inakuja pale mtu mmoja anapopewa mamia ya watu wa "kuwajua".

Case kwa case, au wote pamoja?

Neno hili liliingia kwenye ukimbizi wetu baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unasema mkimbizi ni mtu mwenye hofu ya kweli, yenye msingi, ya kuteswa kwa sababu ya rangi yake, dini, utaifa, kuwa katika kundi fulani la jamii, au maoni ya kisiasa. Ukiusoma vizuri, unamtazama mtu mmoja mmoja: wewe unaogopa nini, na kwa sababu gani? Hapo ndipo "case by case" inapozaliwa.

Afrika iliona haitoshi. Vita vikipiga kijiji, risasi haimuulizi mtu maoni yake ya kisiasa. Tarehe 10 Septemba 1969, Addis Ababa, nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika zilipitisha mkataba wao. Uliikubali maana ya mwaka 1951, kisha ukaongeza wale wanaokimbia uvamizi kutoka nje, kukaliwa au kutawaliwa na wageni, au matukio yanayovuruga vibaya amani ya umma katika sehemu ya nchi yao au nchi nzima. Ndiyo maana watu wengi wakivuka mpaka kwa pamoja, serikali inaweza kuwatambua kama kundi bila kumhoji kila mmoja. Hiyo wanaiita "prima facie", Kilatini tena, yaani kwa mtazamo wa kwanza.

Kwa hiyo kijana ukiambiwa "sasa mtasikilizwa case by case", usione ni maneno ya kawaida tu. Maana yake mlango umebadilika. Jana ulitosha kuwa umetoka mahali fulani. Leo unatakiwa kueleza lililokuangukia wewe, kwa mpangilio, kwa tarehe, kwa majina ya mahali. Ni haki yako kuuliza: tunasikilizwa kama kundi au mmoja mmoja? Na jibu hilo linabadilisha namna ya kujiandaa.

Neno linaloweza kutukana

Kuna "basket case" pia, na hii tuijue kwa sababu wengine wanaitumia wakicheka. Kikapu kimeingiaje? Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Marekani ilienea minong'ono kwamba hospitalini kuna askari waliopoteza mikono na miguu yote, wanaobebwa kwenye vikapu. Mwaka 1919 wakubwa wa tiba wa jeshi la Marekani walikanusha, wakasema hakuna mgonjwa wa namna hiyo. Uvumi ulikufa, neno likabaki. Likawa la mtu asiyejiweza, kisha la nchi nzima. Desemba 1971, maofisa wa serikali ya Marekani walilitumia kwa Bangladesh, wakati vita vya kujitenga na Pakistan vikiwa vimewakimbiza watu wapatao milioni 10 kuingia India.

Sasa tazameni. Nchi ile ile iliyoitwa kikapu ndiyo iliyowapokea Warohingya kutoka Myanmar, zaidi ya 700,000 kuanzia Agosti 2017, juu ya wale waliokuwa wametangulia. Waliokuwa wakimbizi wamekuwa wenyeji. Ukiitwa case isiyo na matumaini, kumbuka hilo.

Watoto wa sanduku

Turudi kwa yule wa pili, capsa. Huyu tumeishi naye kwenye Kiswahili miaka mingi bila kumtambua. Wareno walipofika pwani ya Afrika Mashariki walikuwa na neno lao "caixa", mtoto wa capsa. Sisi tukalifanya "kasha". Waingereza nao walikuwa na "cash", ambalo kwanza lilikuwa sanduku la kuwekea pesa, ndipo likawa pesa zenyewe. Sisi tukasema "keshi". Kongo na Burundi, ukitaka kulipa hospitali unaelekezwa "caisse", na hilo ni lile lile. Kumbe kasha la bibi, keshi ya mwisho wa mwezi na dirisha la caisse ni ndugu wa damu!

Ukifungua akaunti kwenye simu unaambiwa neno la siri liwe na "uppercase". Hiyo ni ya wachapaji. William Caxton alipoanzisha mtambo wa kuchapa Uingereza mwaka 1476, herufi zilikuwa vipande vya chuma vinavyopangwa kwa mkono. Kadiri kazi hiyo ilivyokua, wachapaji walizoea kupanga herufi kwenye masanduku mawili: la juu herufi kubwa, la chini herufi ndogo. Masanduku yamepotea, majina yamebaki.

Na kuna "briefcase". "Brief" ni muhtasari wa wakili kuhusu kesi. Kwa hiyo briefcase ni case ya kubebea case, sanduku la kubebea maanguko ya watu. Wengi wetu tulibeba ya kwetu kwenye mfuko wa nailoni, tukiukinga na mvua kwa mwili.

Kitenzi "capere", kushika, kina watoto wengine kwenye lugha ya mashirika: "accept", "reception", "participate", "capacity". Kituo cha mapokezi, ushiriki wa jamii, kujengewa uwezo, yote yanatoka kwenye kushika. Lakini "captive", mateka, naye ni wa ukoo huo huo. Mkono unaopokea na mkono unaofunga vilizaliwa nyumba moja.

Basi tuseme nini kwa Kiswahili?

Hapa ndipo tulipotaka kufika. Kwa Kiingereza, "your case" inaweza kuwa jambo lako, maombi yako, ugonjwa wako, au faili lako. Kwa Kiswahili cha watu wengi, kesi ni ugomvi au kosa. Mwenye kesi ni mtu aliyeshtakiwa. Tumewaona wazee walioitwa ofisini kwa ujumbe wa "njoo kuhusu kesi yako", wakalala bila usingizi wakijiuliza wamemkosea nani. Tumesikia mama akimjibu mkalimani, "Mimi sina kesi na mtu, mwanangu," na jibu likapelekwa kwa Kiingereza kama lilivyo: hana case. Fikirieni mtu ametembea siku nyingi na watoto mgongoni, kisha kwenye karatasi anaonekana kama asiye na la kueleza.

Kiswahili hakikosi maneno. Wenzetu wa Kongo na Burundi wanasema "dosie", kutoka Kifaransa "dossier", ambalo asili yake ni "dos", mgongo, kwa sababu rundo la karatasi liliandikwa jina mgongoni. Wengine wanasema "faili", ambalo linatoka kwenye Kilatini "filum", uzi, kwa kuwa karatasi zilitungwa kwenye uzi kama shanga. Dosie na faili hazimshtaki mtu. Ni karatasi tu.

Na tuna "kisa". Hili lilikuja kwa Kiarabu, na maana yake ni habari iliyotokea, hadithi ya kweli, na pia sababu. Tunasema kisa na mkasa. Watangazaji wa redio wanasema visa vya kipindupindu. Angalieni lilivyo karibu na casus: lililotokea, lililompata mtu. Lakini kisa kinahitaji msimulizi, na kinahitaji mtu wa kukisikiliza hadi mwisho. Ni kweli wingi wake una matani yake, maana "kufanyiwa visa" ni kusumbuliwa, na "viza" ni kitu kingine ambacho wengi wetu bado tunakisubiri! Ila kwa umoja, kisa ni neno safi.

Ombi letu kwa wakalimani na wafanyakazi wa mashirika ni dogo, halihitaji bajeti. Mkimwita mtu kuhusu karatasi zake, semeni faili au dosie. Mkimwita kuhusu aliyoomba, semeni maombi yako. Mkitaka aeleze yaliyompata, semeni tueleze kisa chako. "Kesi" liachieni mahakama na polisi.

Na kwetu vijana: tuwaeleze wazazi na mashangazi tofauti hii kabla ya siku ya mahojiano. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza, wanasema wazee, na tuliona ilivyoteleza. Lakini kuanguka si kosa. Mtu aliyeangukiwa na vita hana la kujitetea, ana la kusimulia.

Mkiwa na neno lingine la ofisini linalowachanganya, mtuandikie. Tayari wadogo zetu wameomba "status". Tutalitafuta.